Kwa nini sukari iliyopikwa ndani ya maji hutoka ikiwa vijitufe

Ukiweka sukari kwenye sufuria kavu juu ya moto, inayeyuka, inageuka kahawia, halafu inagandamana na sufuria kama lami. Lakini iyeyushe sukari kwenye maji, ifungie ndani ya mtungi wa chuma, uitie kwenye tanuri la nyuzi 180 za Selsiasi kwa saa kadhaa, utapata unga laini wa kahawia. Ukiutazama kwa hadubini ya elektroni, karibu kila chembe ni kijitufe cha duara. Nimeshaziona picha hizo mara nyingi sana na bado zinanivutia. Duara hilo linatoka wapi?

Nianze na mtungi. Ndani yake kuna kikombe cha Teflon ambacho sikijazi zaidi ya theluthi mbili, maana maji yakipata moto hutanuka. Kwenye nyuzi 180 mvuke hufikia kanieneo mara kumi hivi ya ile ya hewa tunayovuta, ndiyo maana maji hubaki kimiminika. Kwa hiyo mtungi ukiwa bado moto haufunguliwi, hata kama una haraka kiasi gani.

Humo ndani glukosi, ambayo ni aina ya sukari, hujigeuza kuwa fruktosi, aina nyingine ya sukari, na fruktosi hupoteza molekuli tatu za maji ikawa haidroksimethilifurfurali, ambayo sisi maabara tunaiita HMF. Hapo ndipo penye ajabu kwangu: sukari inapokonywa maji ilhali imezama majini. Sehemu ya HMF huvunjika na kutoa asidi ya levuliniki na asidi ya fomiki, na asidi hizo huchochea zaidi upokonywaji uleule. Mimi sitii asidi yoyote. Sukari hujitengenezea yenyewe.

Kisha molekuli za HMF huanza kushikana na kuunda minyororo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilitoa mtungi mapema, ukiwa kwenye nyuzi 160. Nilikuta kimiminika chenye rangi ya chai ya rangi, kinanukia sukari iliyoungua, na nilipokichuja haikubaki hata punje kwenye karatasi. Nikadhani tanuri ni bovu. Kumbe minyororo ilikuwa imeshaanza kuungana, ila ilikuwa bado mifupi kiasi cha kuyeyuka majini.

Minyororo ikirefuka, maji huikataa. Hujitenga katika vitone vidogo mno, kama mafuta kwenye mchuzi. Kitone kingali laini, na mvutano wa uso wake hukikaza kwenye umbo lenye eneo dogo kabisa la kugusana na maji. Umbo hilo ni tufe. Vifungo vya kikemia vinapoongezeka ndani, kitone hukauka na kuwa kigumu kikiwa na duara lake.

Vijitufe kulingana kwa ukubwa nako kuna maelezo yake. Mwaka 1950 Victor LaMer na Robert Dinegar, wakichunguza chembe za salfa, walionyesha kwamba viini, yaani chembe changa za kwanza, vikizaliwa vyote kwa mkupuo mmoja, malighafi inayobaki huvikuza tu bila kuzaa vingine. Vijitufe vyetu kwa kiasi kikubwa hufuata njia hiyo. Mwaka 2004 Xiaoming Sun na Yadong Li, huko China, waliripoti vijitufe vya glukosi vya nanomita 200 hadi 1,500, ukubwa ukipangwa kwa muda, joto na wingi wa sukari. Sukari ikizidi, vitone hugusana vikiwa laini na kushikana kama maandazi yaliyobanana kwenye karai.

Sote tunaviita vya kaboni, ingawa kwa maoni yangu jina hilo limewahi mno. Glukosi ina kaboni asilimia 40 kwa uzito. Vijitufe vikitoka mtungini huwa na asilimia 65 hivi, na oksijeni nyingi bado imo. Kundi la Maria-Magdalena Titirici na Markus Antonietti, Ujerumani, lilionyesha kwamba ndani yake kuna mtandao wa pete za furani, yaani pete za atomi nne za kaboni na moja ya oksijeni. Usoni kuna vikundi vya atomi vyenye oksijeni, haidroksili na kaboksili, navyo hunifaa sana ninapotaka kunasa ayoni za metali, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme.

Nikitaka kaboni hasa, kwa ajili ya elektrodi ya betri, navipasha tena hadi karibu nyuzi 1,000 katika gesi ya naitrojeni. Sukari ghafi ikitiwa kwenye tanuri hilo huyeyuka kwanza na kufura kama povu. Kijitufe hakiwezi kuyeyuka tena: hunywea, huwa cheusi, na duara lake linabaki.