Yabisi ya vidole na gitaa: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Vidole vikishashikwa na yabisi, gitaa litundike ukutani.”

Usilitundike. Kiungo kinachotumika kwa kiasi hukakamaa polepole kuliko kilicholazwa. Kinachoumiza zaidi ni nguvu ya kukandamiza, na mara nyingi kosa ni la gitaa. Pima mwanya kati ya uzi na freti (kijiti cha chuma kilicholazwa shingoni) ya 12: kwa nyuzi za chuma, takriban milimita 2.4 kwenye uzi mnene na 1.8 kwenye mwembamba zinatosha. Ukikuta 3.5, mpelekee fundi. Anyooshe shingo kwanza, ndipo asage mfupa wa darajani, unaobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kidogo kidogo: kila milimita 1 inayosagwa hushusha mwanya huo nusu milimita tu, na akizidisha nyuzi zitagonga freti na kukwaruza.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F ndiyo inayokutesa? Funga kapo, yaani kibanio kinachokandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya 1, upige umbo lilelile. Likiwa jepesi ghafla, mifereji ya nyuzi kwenye mfupa wa juu wa shingo haina kina cha kutosha.

“Kulegeza nyuzi ni kuharibu muziki.”

Ukishusha sauti ya nyuzi zote toni nzima (sawa na freti mbili), mvutano hupungua kama asilimia 20. Ukiweka kapo kwenye freti ya 2, sauti inarudi palepale ilipokuwa huku ulegevu ukibaki, na freti za huko zimekaribiana, kwa hiyo vidole havitanuki sana. Tunaona hii ndiyo tiba rahisi kuliko zote, na haigusi mbao. Seti ya nyuzi nyembamba zaidi, namba 10 badala ya 12, nayo husaidia.

“Nyuzi za nailoni zinamfaa kila mgonjwa.”

Ni laini kweli. Lakini shingo ya gitaa la klasiki, linalotumia nyuzi hizo, ina upana wa milimita 52 hivi, dhidi ya 43 za lile la chuma. Maumivu yakiwa kwenye shina la kidole gumba, upana huo unaweza kuyazidisha.

“Baridi yabisi huletwa na baridi.”

Jina linapotosha. Baridi huongeza ukakamavu, lakini ugonjwa wenyewe hutokana na kulika kwa gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) au kinga ya mwili kushambulia viungo. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha piga dakika 10, pumzika, rudia. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kupiga, kesho punguza muda. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, acha kupiga siku hiyo na umwone daktari, hasa kama ukakamavu wa asubuhi unazidi nusu saa.