Sayari kubwa katika nyota pacha: maana yake na jinsi zinavyosakwa

Nyota pacha ni nyota mbili zinazozungukana, kila moja imeshikwa na mvutano wa mwenzake. Si kitu adimu: karibu nusu ya nyota za aina ya Jua letu zina mwenza. Sayari kubwa ni tufe la gesi mfano wa Zohali au Mshtarii, ile ambayo wengi tunaiita Jupita.

Sayari ya namna hiyo inaweza kuzunguka nyota moja tu, ya pili ikibaki mbali. Au huzizunguka zote mbili, kama Kepler-16b iliyotangazwa mwaka 2011: nyota zake huzungukana kwa siku 41, nayo, yenye ukubwa unaokaribia Zohali, huzizunguka kwa siku 229. Iligunduliwa kwa kupita mbele ya nyota hizo na kufifisha mwanga wao. Lakini sehemu ya katikati, si karibu na nyota moja wala mbali na zote mbili, hapakaliki. Sayari ikiingia hapo huvutwa huku na huku mpaka itupwe nje.

Shida kubwa ya wasakaji ni mwanga. Ukisimama Mikindani usiku wa giza ukatazama boti za dagaa kwa mbali, karabai mbili zilizokaribiana utaziona taa moja. Darubini nayo hupatwa na hilohilo. Njia ya zamani ni kupima nyota inavyoyumbishwa na sayari yake, na myumbo wenyewe ni mdogo: Mshtarii huliyumbisha Jua kwa mita 12 na ushee tu kwa sekunde. Mwanga wa nyota mbili ukichanganyika, kipimo huvurugika. Ndiyo maana wengi waliziruka nyota pacha zilizokaribiana, na kwa maoni yangu uchache wa sayari kwenye orodha za mwanzo usitudanganye.

Mfano ni Gamma Cephei, nyota pacha ya kaskazini mno ambayo kutoka Lindi huchungulia tu juu ya upeo wa macho. Mwaka 1988 Bruce Campbell, Gordon Walker na Stephenson Yang wa Kanada waliona dalili za sayari pale. Mwaka 1992 dalili hizo zikadhaniwa ni tabia ya nyota yenyewe. Sayari ilikuja kuthibitishwa mwaka 2003.

Alpha Centauri ndiyo yetu sisi wa kusini. Mwezi Juni, saa tatu usiku, iking'aa upande wa Ruvuma, jicho huiona nyota moja, kumbe ni mbili kubwa, A na B, zinazozungukana kwa takriban miaka 80, pamoja na ndogo ya tatu isiyoonekana kwa macho. Agosti 2024 darubini ya angani ya James Webb iliziba mwanga wa nyota A, wataalamu wakaondoa kwa hesabu ule wa B, pakabaki kidoa hafifu. Kama kweli ni sayari, uzito wake unakaribia wa Zohali. Walipotazama tena Februari na Aprili 2025 hawakukiona. Maelezo yao ni kwamba huenda wakati huo ilikuwa imesogea karibu mno na nyota yake. Kwa hiyo bado inaitwa mtarajiwa, haijaingizwa kwenye orodha ya zilizothibitishwa.