Kila nikifika pameandikwa "rudi": vichekesho vya darasa la muziki

Nafundisha muziki watoto wadogo, wale ambao meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Huwa nacheka sana kazini, na nimegundua kuwa vichekesho vingi vina chanzo kimoja: mtoto amefuata maelekezo mpaka mwisho, mahali ambapo sisi wakubwa hatufiki kwa sababu tumeshazoea kuishia njiani.

Chukua alama ya kurudia. Ni mistari miwili ya wima, mmoja mwembamba na mwingine mnene, pamoja na nukta mbili pembeni. Maana yake ni rudi nyuma, piga tena. Mwanafunzi wangu mmoja alifika pale, akarudi, akapiga vizuri tu, akafika tena, akarudi tena. Mwanzoni nilidhani amenogewa na wimbo. Baada ya mizunguko kadhaa nikamuuliza anamaliza lini. Akanitazama kwa huruma kidogo: "Mwalimu, kila nikifika pameandikwa rudi."

Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi. Alama yenyewe haisemi urudi mara ngapi. Inayosema "mara moja, kisha endelea" ni desturi, nayo desturi haichapwi kwenye karatasi. Mtu anayeandika programu za kompyuta angemwelewa mtoto yule papo hapo, kwani mashine nayo ukiiambia irudi bila kuiambia iishie wapi, itarudi mpaka umeme ukatike. Siku hizi nawapa penseli: ukiipita alama mara ya kwanza, ikate. Wanaikata kwa raha mpaka karatasi inatoboka.

Jambo linaloleta vurugu kuliko yote ni juu na chini. Ukimwambia mtoto mwenye filimbi "sasa panda juu," usishangae akipanda kiti. Tukitazama kinachotokea hewani, hakuna noti iliyo juu ya nyingine. Noti iitwayo la, ile inayotumika kulinganishia ala, hutetemesha hewa mara 440 kwa sekunde, na la ya oktava inayofuata, yaani noti yenye jina lilelile inapojirudia, mara 880. Kilichoongezeka ni kasi ya mtetemo. Hizo "juu" na "chini" tumezipachika wenyewe, kisha ala zinatuumbua: kwenye piano kupanda ni kwenda kulia, kwenye selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, mkono unateremka kuelekea sakafuni ndipo sauti inapanda, na ukikaa na gitaa, uzi mnene wenye sauti nzito kuliko zote ndio ulio karibu na kidevu chako. Mtoto akichanganyikiwa hapo, mimi niko upande wake.

Dawa ninayoiamini ni ishara za mikono, zile zilizoenezwa na mwalimu John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na baadaye zikatumiwa sana na wafuasi wa mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria. Kila noti ya ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti ina umbo lake la mkono, na mkono unapanda kadiri sauti inavyopanda: do usawa wa kiuno, do ya oktava ya juu inapita kichwa. Zinafanya kazi vizuri mno. Ila do ni ngumi iliyokunjwa, kwa hiyo mstari wa wavulana ukiimba do huku wametazamana, mwalimu asigeuke kuandika ubaoni. Ti nayo ni kidole kimoja kilichoelekezwa juu. Siku moja mtoto wa nyuma alinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na darasa zima likamjibu kwa pamoja, kwa sauti safi kabisa: "Tiii!" Alipokishusha kwa aibu, wakashuka naye mpaka la.

Filimbi za shule zina sura yake. Ule mlio unaotoboa masikio una sababu mbili kubwa. Kwanza, mtoto anapuliza kwa nguvu kupita kiasi, na hewa iliyo ndani ya bomba inaruka kwenye oktava ya juu. Pili, vidole vidogo haviyazibi matundu sawasawa, hewa inavuja, noti inageuka kilio. Kukataza mlio huo ni kuupigia debe. Mimi hutenga dakika moja mwanzoni, kila mtu apulize vibaya awezavyo, kisha tunatafuta pumzi laini, ile ya kupoza chai. Na meno je? Noti huanzishwa kwa ulimi, kama unayetamka "tu", na asiye na meno ya mbele hutoa kitu kilicho karibu na "thu", pamoja na mate. Kuna binti aliyesimama katikati ya wimbo, akaitikisa filimbi kama anayemwaga maji, na jino likadondoka. Wenzake walimpigia makofi kuliko walivyowahi kumpigia kwa noti yoyote.

Kuhusu pumziko, alama ya kunyamaza, nitasema moja tu: ukiwaambia "hapa kimya, mapigo manne," wakumbushe kwamba kupumua kunaruhusiwa.

Halafu kuna metronomu, kifaa cha kugonga mapigo ya wimbo kwa kasi isiyobadilika, ile saa isiyo na majira ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1815. Watoto wakipiga ngoma pamoja hukimbia, hasa wimbo unapopamba moto, kwa kuwa kwao nguvu na kasi ni kitu kimoja. Naiweka mezani, inagonga tak, tak, na baada ya muda mfupi ngoma zimeiacha nyuma kabisa. Wakubwa nao hukimbia, sema wao husingizia uchovu. Mtoto hajisingizii chochote, anailaumu mashine. Mmoja wa wapiga ngoma wangu aliitazama kwa makini, akatoa hukumu:

"Mwalimu, imechoka. Ibadilishie betri."

Nikamweleza kuwa hii ni ya kukaza kwa ufunguo, haina betri.

"Ah! Ndiyo maana."