Kabla ya kukanyaga pedali kwenda Kilifi, omba pesa kwanza

Mwezi wa sita ukiingia, karakana yangu ya baiskeli hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huanza kupata wageni wa namna moja. Mara ni vijana wa ofisini, mara walimu, mara kina mama wa mtaa mmoja, na wote wameshakubaliana kuendesha baiskeli hadi Kilifi kuchangia jambo: kiti cha magurudumu cha mtoto wa jirani, bili ya hospitali, vitabu vya shule. Swali lao la kwanza huwa ni gia ngapi zinatosha. Nami huwauliza, mmeshaomba watu wangapi? Hucheka wakidhani natania. Kilomita 60 mtu mwenye afya atazimaliza akifanya mazoezi ya miezi miwili. Kuomba pesa ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu wanangoja hadi wiki ya mwisho.

Wengi huanza na tangazo. Wanatengeneza bango, wanafungua kundi la WhatsApp, wanawatia humo jamaa na marafiki bila kuwauliza, kisha wanabaki kutazama "ameondoka, ameondoka" ikishuka kwenye simu. Watu wa Mombasa hawajachoka kutoa. Wamechoka kuombwa kwa jumla, leo harusi, kesho karo, keshokutwa operesheni. Muombe mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, na kiasi ukitaje wewe. Ujumbe ninaowapa watu wauige ni huu:

"Ami, shikamoo. Jumapili ya pili ya mwezi ujao naendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Kilifi, kilomita 60, tumnunulie kiti cha magurudumu mtoto wa pale mtaani kwetu. Nakuomba uniwekee shilingi 20 kwa kila kilomita, yaani 1,200 nikifika. Nikiishia njiani utanitolea zile nilizozimaliza tu. Nijibu hata kama haitawezekana, hakuna neno."

Ami akisoma hapo anajua ni lini, ni nini, ni ngapi. Hesabu ya kilomita inasaidia kwa namna mbili. Muuza viazi karai anayeweza shilingi 10 ataona amechangia 600 na hakuhisi uzito, na kila mtoaji anakuwa na sababu ya kukuulizia siku yenyewe umefika wapi. Ile sentensi ya mwisho msiifute. Mtu aliyepewa mlango wa kukataa hujibu, na aliyekataa mwaka huu kwa heshima hutoa mwaka unaofuata. Muda nao una maana: omba wakati mshahara ndio umeingia, si tarehe 20, na Januari waacheni watu walipe karo.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu. Hata mweka hazina akiwa mcha Mungu, akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na siku akigombana na mmoja wenu kila mtu atataka kuiona simu yake. Chukueni namba ya paybill iliyofungamana na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mtoaji aandike jina la mwendeshaji anayemchangia. Kama hamna kikundi kilichosajiliwa, yako majukwaa ya michango kama M-Changa. Hukata asilimia yake, kwa hiyo uliza kabla hujaanza, usishtuke mwishoni. Na mkitaka kuzunguka na vibakuli sokoni au stendi, pitieni kwanza kwa chifu na ofisi ya serikali mkaulizie kibali; kuchangisha pesa hadharani kuna sheria yake.

Liko jambo ambalo wageni wa mji huu hawalijui. Mtoaji akikwambia "hii ni zaka", iandike ukurasa wake peke yake. Zaka ina makundi manane ya watu wanaostahiki, yametajwa ndani ya Kurani, na fulana za waendeshaji hazimo. Sadaka ina nafasi zaidi, lakini hata hiyo mimi naona si vizuri kuinunulia maji ya chupa. Kwa hiyo gharama za safari, yaani gari la huduma ya kwanza, pikapu ya kubebea waliochoka na chakula, zilipwe na waendeshaji wenyewe kwa ada ya kujiandikisha. Kila shilingi ya mchango ifike kwa mwenye shida. Mkishaweza kulisema hilo bila kumung'unya maneno, kuomba kunakuwa rahisi mara mbili. Fulana, kwa maoni yangu, ziacheni kabisa.

Sasa njia. Mwendesha baiskeli wa pwani afikiri kama nahodha wa jahazi: kwanza upepo, safari baadaye. Kusi huvuma kutoka kusini, na barabara ya Kilifi inapanda kaskazini, kwa hiyo kuanzia Julai hadi Septemba unasukumwa mgongoni karibu njia nzima. Tena ndiyo miezi yenye ubaridi kidogo, na masika yameshapita. Kundi likinijia na safari ya Januari au Februari, nawaambia baiskeli zipakiwe kwenye lori hadi Kilifi, waanzie huko warudi Mombasa na kaskazi nyuma yao. Wenye ubishi hukutana nayo uso kwa uso pale Vipingo, kwenye mashamba ya katani, mahali pasipo na mti wala ukuta wa kujikinga, wakanyage kwa nguvu zote wasonge kama watembea kwa miguu.

Kwale na Diani ni kuzuri, ila feri ya Likoni hukata msafara vipande. Mkienda huko, kutaneni ng'ambo ndipo muanze. Barabara ya Mazeras kuelekea Nairobi sipeleki mtu, malori ya bandarini yanatosha kuwa sababu.

Mazoezi sina maneno mengi. Mara tatu kwa wiki, mbili fupi na moja ndefu. Ile ndefu iongezeni kidogo kidogo kila wiki, hadi wiki mbili kabla ya safari muwe mmeendesha kama kilomita 45 kwa mkupuo mmoja. Kisiwani kuna tambarare nyingi na inadanganya miguu, basi vukeni Daraja la Nyali mwende Shanzu na Mtwapa mkazoee miinuko na moshi wa matatu. Anayeumwa magoti, aghalabu kiti chake kiko chini mno. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke.

Baiskeli yenyewe, sijali kama ni Black Mamba ya chuma au ile nyepesi ya mashindano. Najali cheni. Hewa ya hapa ina chumvi, na cheni iliyolala nje wiki moja Mombasa huota kutu ambayo ya Nairobi haiioni kwa mwezi. Chukua rula ya mtoto wa shule, anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 20 mbele. Cheni mpya itasoma sentimita 25.4. Ikikaribia 25.6 imekwisha, ibadilishe kabla haijala meno ya gia, maana meno ni ghali kuliko cheni. Kuisafisha, tumia mswaki wa zamani na mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo na upanguse yanayobaki nje. Oili ya injini usiguse. Ni nzito, inakamata mchanga, na mchanga unasaga chuma.

Njaa ya njiani tende zinaitosha, huingia mfukoni na haziharibiki. Mahamri na mbaazi kuleni mkishafika. Kuhusu maji, kila mwaka nabishana na watu wa madafu. Dafu ni zuri, lina potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni kidogo, na jasho la Mombasa linamwaga chumvi hasa. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo tangu Kongowea, usingoje kiu.

Ondokeni kukipambazuka, Jumapili, mkiwa wawili wawili upande wa kushoto, na pikapu nyuma ikiwasha taa. Waliojizatiti hufika daraja la Kilifi kabla ya saa nne, na wa mwisho asipite saa tano, jua lisije likamshinda. Mwambieni mkuu wa kituo cha polisi mapema. Askari mmoja pale Mtwapa huepusha mabishano mengi na makanga.

Jioni ileile kila mwendeshaji awatumie watoaji wake picha akiwa darajani, na namba ya paybill chini yake. Ahadi nyingi hulipwa usiku huo, mtu akiwa bado na furaha yako. Kiti kilipiwe moja kwa moja dukani, risiti ipigwe picha ifike kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa 100. Wasiolipa nawakumbusha mara moja, baada ya mshahara. Wakinyamaza napiga mstari jina lao daftarini, na siwadai tena.