Kabla ya kubandua lipu kwenye jumba la sinema la zamani

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenye majengo ya Posta na Kisutu, Dar es Salaam, ni yale yale: sisi watu wa mambo ya kale tunachelewesha ukarabati. Wengine wanaamini tunatafuta rupia za Mjerumani, yaani sarafu za enzi zake. Hakuna rupia humo. Majumba ya sinema kama Avalon na Odeon ni ya wakati wa Mwingereza, na Mjerumani aliondoka Dar es Salaam mwaka 1916.

Tunachotafuta ni jengo lenyewe. Matundu ya boliti sakafuni yanaonyesha safu za viti zilivyopangwa na viti vya bei ya chini vilikomea wapi. Mlango uliozibwa kwa tofali unaweza kuonyesha nani aliingilia upande gani. Tabaka za rangi huhesabika ukutani, ila nyundo ikishapita hazihesabiki tena. Huko London, mwaka 2016, ufukuaji kwenye kiwanja cha Curtain, ukumbi wa kale wa michezo ya kuigiza, ulionyesha kuwa ukumbi huo ulikuwa wa pembe nne, ilhali wengi waliudhani wa duara.

Utaratibu ni huu. Tuletee michoro ya ukarabati kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo. Tutapiga picha kila ukuta pamoja na fito ya kipimo, tutaweka namba kila mlango na dirisha, kisha tutachora ramani ya sakafu na mkato wa jengo, yaani jengo linavyoonekana kama limekatwa wima. Baada ya hapo mafundi wanaendelea upande mmoja, sisi tuko upande mwingine. Lipu ikibanduliwa, tunarudi. Kitu cha kale kikionekana kwenye msingi, simamisha kazi hapo hapo, usikioshe wala kukihamisha, toa taarifa. Kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jiji hili Sultani Majid alianza kulijenga miaka hiyo hiyo ya 1860, kwa hiyo majengo yake mengi hulindwa pale tu yanapotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Jengo lililotangazwa, kulibadili bila kibali ni kosa la jinai. Lisilotangazwa, bado tunaomba mtuite.

Jumba moja tulilifikia lipu yote ikiwa kwenye lori. Tulipima ngazi tu.