Amplifaya ya kupimia mkondo ni nini?

Ukifungua kontrola (boksi linaloongoza umeme wa mota) ya bodaboda ya umeme hapa Kisumu, mara nyingi utakuta kipande kifupi cha waya mnene au kibati bapa kimechomelewa kwenye njia ya umeme mkubwa. Hicho huitwa shanti. Kando yake kuna chipu ndogo inayoiambia kontrola ni ampea ngapi zinakwenda kwenye mota. Chipu hiyo ndiyo amplifaya ya kupimia mkondo.

Mkondo hapa hujulikana kwa alama unayoacha. Mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, ukipita kwenye ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, volti kidogo hupotea, na hupotea zaidi kadiri mkondo unavyozidi: ni kanuni ya Ohm, ya mwaka 1827. Chukua shanti ya miliomu 1, yaani sehemu moja ya elfu ya omu. Ampea 50 zikipita, ncha zake mbili hutofautiana kwa milivolti 50, na joto lake ni wati 2.5. Ungeweka omu 0.1 ili alama iwe kubwa, zingepotea volti 5 na wati 250 zingekuwa moto wa bure ndani ya boksi. Kwa hiyo alama huachwa iwe ndogo, kisha amplifaya huikuza, tuseme mara 50, ikafika volti 2.5 zinazosomeka.

Kukuza peke yake si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba shanti ikiwa upande wa chanya wa betri ya volti 72, ncha zote mbili ziko juu huko, na volti zinarukaruka kila kontrola inapokata na kurudisha umeme wa mota, maelfu ya mara kwa sekunde. Fikiria mtumbwi ziwani pale Dunga. Wimbi huinua omo na tezi pamoja, nawe hushughuliki na kimo cha wimbi. Unataka kujua kama omo imezidi tezi kwa upana wa kucha. Amplifaya ya kawaida hupelekwa na wimbi. Hii imeundwa ione mwinamo tu.

Wengine huweka shanti upande wa hasi, kwani volti huko ziko karibu na sifuri na chipu huwa rahisi. Kwenye gari mimi siupendi mpango huo. Bodi ya gari ndiyo hasi, hivyo waya wa chanya ukichubuka na kuigusa, umeme hurudi kwenye betri bila kupita kwenye shanti, na shoti haionekani.

Usahihi nao una uzito. Chipu ikikosea milivolti 1 tu kwenye shanti yetu, hiyo ni ampea 1 nzima. Kwa saa 10, hesabu ya chaji imepotoka kwa ampea-saa 10, na mwendeshaji anazimikiwa njiani pale Kondele huku kioo kikimwambia betri bado ipo. Chipu nzuri hukosea maikrovolti chache tu.

Kwenye pampu ya maji ni vilevile: magugu maji yakikwamisha mota, mkondo hupanda, na kontrola ikiuona mapema huzima kabla koili hazijaungua.

Ndiyo maana nawasihi mafundi wanaoongeza risasi ya kuchomelea juu ya shanti ili pikipiki ipate nguvu: acheni. Ukinzani unapungua, alama inapungua, kontrola inaamini inatoa ampea 30 kumbe inatoa 45, na transista zake, yaani swichi zinazokata na kurudisha umeme, zinapasuka mteja akiwa barabarani.