Kadi ya mkopo iliyolala kabatini: yasemwayo na yalivyo

Mombasa hii wengi wetu hatukuifuata kadi ya mkopo benki, ndiyo iliyotufuata. Vijana wa mauzo huja na fomu maofisini Kilindini, huja kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi mwisho wa mwezi, huja mashuleni, na kabla chai haijapoa ushatia sahihi. Ukihamishia mshahara benki nyingine, nao wanakupa yao. Miaka ikipita mtu ana kadi tatu, na anayoitumia ni moja au hata hiyo moja hakuna, kwa sababu tiketi ya SGR inalipwa kwa M-Pesa, tokeni za stima kwa M-Pesa, na mboga za Kongowea vivyo hivyo.

Likija swali la kuzifunga, kila mtu ana lake la kusema, na mengi si kweli. Naliandika hili kwa uchungu, kwani nimewaona watu wazima wenye kazi zao nzuri wakikataliwa mkopo kwa deni la kadi ambayo hawajawahi hata kuitia kwenye mashine.

"Kadi nisiyoitumia hainigharimu kitu"

Hii ndiyo inayoumiza wengi, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo. Kadi nyingi za mkopo zina ada ya mwaka, na ada hiyo haijali kama umenunua kitu au hukununua. Inaandikwa kwenye akaunti ya kadi kuwa ni deni, na juu yake unawekwa ushuru ambao serikali hutoza ada za benki. Akaunti ya kadi si ile inayopokea mshahara. Kama hukuagiza deni likatwe lenyewe kwenye akaunti ya mshahara, hakuna wa kulilipa. Tarehe ikipita inaingia faini ya kuchelewa, kisha riba.

Jirani yangu mmoja wa Majengo alinionyesha taarifa ya kadi yake, karatasi mbili tu. Mstari wa kwanza, ada ya mwaka, shilingi 3,500. Chini yake ushuru. Mwezi uliofuata faini ya kuchelewa, na riba chini yake. Mwezi wa tatu yale yale. Manunuzi hakuna hata moja, toka juu hadi chini. Kufikia mwezi wa sita ile 3,500 ilikuwa imepita 7,000. Naye hakuwa na habari, maana taarifa zote zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya kampuni aliyoacha kazi zamani.

Sasa tazama inavyoendelea. Deni likipita siku 90 bila kulipwa, benki hulihesabu kuwa mkopo mbovu na inaweza kulipeleka CRB, yaani mashirika yanayoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Kanuni za CRB za 2020 zinasema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe kama taarifa mbaya, lakini ada ya mwaka ikishajumlishwa na faini, hiyo 1,000 inavukwa upesi. Kanuni hizo hizo zinaitaka benki ikupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuandikisha. Notisi inakwenda kwenye anwani waliyo nayo wao. Kama ulihama Tudor ukaenda Mtwapa na laini ya simu ukabadilisha, utajuaje? Na ukishaandikwa, hata ukilipa siku hiyo hiyo, taarifa hukaa miaka 5 tangu siku ya kulipa deni lote, ingawa itaonyesha kuwa umelipa.

Kwa hivyo jambo la kwanza, kabla ya kufikiria kufunga au kutofunga, ni kuuliza kadi hii inatoza ada gani kwa mwaka na kama kuna deni lolote juu yake leo. Wengine wataambiwa kadi yao haina ada, au ada husamehewa ukifikisha matumizi fulani. Basi hapo haraka haipo.

"Usifunge, alama zako zitaanguka"

Alama hizi ni namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi unavyoaminika kulipa. Ushauri huu umejaa mtandaoni, na asili yake ni Marekani. Si uongo huko kwao. Kosa ni kuubeba mzima mzima na kuuleta huku. Alama zinazotumika sana kule ni za FICO, kuanzia 300 hadi 850, na FICO wenyewe wametangaza uzito wa kila jambo: historia ya kulipa asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15, mikopo mipya 10 na mchanganyiko wa mikopo 10. Ndani ya ile 30 huangaliwa deni lako ni sehemu gani ya limiti zote, yaani viwango vya juu ulivyoruhusiwa kukopa kwenye kadi zako.

Chukua mtu mwenye kadi mbili, kila moja ina limiti ya 100,000, na anadaiwa 40,000 kwenye mojawapo. Anatumia asilimia 20 ya limiti zake. Akiifunga ile tupu, deni halijaongezeka hata shilingi, lakini sasa anatumia asilimia 40, na alama zinaweza kushuka. Hiyo ndiyo sababu ya ule ushauri. Ila kama hadaiwi kitu kwenye kadi yoyote, sufuri ya laki mbili na sufuri ya laki moja ni sufuri tu. Kwa hivyo hata Mmarekani asiye na deni la kadi haogopi sana kipengele hicho.

Kwetu Kenya yapo mashirika matatu ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja lina hesabu yake ya alama, za Metropol kwa mfano huanzia 200 hadi 900, na mkopeshaji naye ana hesabu zake pembeni. Atataka kujua kama una mkopo mbovu, na kama unalipa kwa wakati. Kwa mwenye mshahara ataangalia pia payslip, maana Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite thuluthi mbili ya mshahara. Anaweza hata kuihesabu limiti usiyoitumia kuwa deni unaloweza kuliingia kesho, na hapo kadi ya ziada inakuwa mzigo. Mimi naona mtu wa hapa anayeiacha kadi yenye ada ikae bila kulipiwa, eti analinda alama, anajiweka kwenye hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

"Nikiifunga, historia yangu inafutika"

Wapo wanaoliogopa hili na wapo wanaolitarajia. Wote wamekosea. Marekani akaunti iliyofungwa ikiwa safi huendelea kuonekana kwenye ripoti hadi miaka 10. Hapa Kenya, tangu Kanuni za CRB za 2013, mabenki hupeleka CRB taarifa nzuri pamoja na mbaya, na kufunga akaunti hakufuti miaka uliyolipa vizuri. Vile vile hakumsafishi aliyechelewa.

"Mimi nishaikata kwa mkasi"

Ulichokata ni plastiki. Akaunti iko benki, ada zinaendelea, na kama uliwahi kuandikisha namba ya kadi kwenye huduma ya filamu au ya kuhifadhi picha, mwezi ukifika watatoza kama kawaida. Hata kadi iliyokwisha muda wake haimaanishi akaunti imekwisha. Mara nyingi benki hutengeneza nyingine na kukungojea uje uichukue tawini.

Kufunga kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza hamisha malipo yote yanayojikata yenyewe. Tumia pointi za zawadi ulizopata kwa manunuzi, kama unazo, kwani akaunti ikifungwa huenda zikapotea. Rudisha na zile kadi za nyongeza, ya mke au ya mtoto aliye chuo, kwa sababu deni lao ni deni lako wewe mwenye akaunti. Kisha uliza kiasi cha kulipa ili kuifunga siku hiyo unayolipa. Usitegemee taarifa ya mwezi uliopita. Kama ulikuwa na deni, riba huhesabiwa kila siku, na kati ya siku taarifa ilipotoka na siku uliyolipa kuna riba ambayo haijaandikwa popote. Watu hulipa kiasi kilichoko kwenye karatasi, wanaondoka wamefurahi, halafu vijishilingi vilivyobaki vinaanza kuzaa faini. Hapo ndipo wengi wanapopotelea, nami nakusihi usilipitie haraka.

Ukishalipa, andika barua ya kuomba akaunti ifungwe, upigiwe muhuri nakala yako pale kaunta. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi jibu. Baada ya hapo omba barua inayosema hudaiwi kitu na akaunti imefungwa. Simu kwa huduma kwa wateja haitoshi. Mtu uliyesema naye leo, kesho humpati.

Aliyegundua deni la zamani lililovimba naye asikate tamaa. Husemwa kuwa deni la kadi hukua bila mwisho, na si hivyo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, hakiruhusu benki idai riba inayozidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa mkopo ulipogeuka kuwa mbovu. Nenda na hoja hiyo, uombe hesabu iliyoandikwa mstari kwa mstari, kisha ujadiliane.

"Naiweka kwa dharura"

Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana lataka mizani. Kadi ya mkopo inasaidia kweli ukikodi gari au ukilipia hoteli nje ya nchi, mahali wanapozuia kiasi fulani kwenye kadi kuwa amana. Lakini dharura zetu nyingi ni za pesa taslimu: mgonjwa usiku, msiba, nauli ya ghafla. Ukitoa pesa kwenye ATM kwa kadi ya mkopo unatozwa ada ya kutoa, na zile siku za bure bila riba hupewa manunuzi tu. Riba ya pesa taslimu kwa kawaida huanza siku ile ile. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, 50,000 isiyolipwa hupita 71,000 baada ya mwaka, faini hazijahesabiwa. Kadi moja isiyo na ada yaweza kuwekwa kwa ajili hiyo. Tatu, sioni za nini.

Na wako wanaotaka kufunga kwa sababu ya riba kidini. Wakiambiwa na wenzao kazini kuwa wanajiharibia alama, wanasitasita. Ukiilipa yote kwa wakati hutozwi riba ya manunuzi, hilo ni kweli, lakini mkataba ulioutia sahihi unakubali riba ukichelewa, na masheikh wana maneno juu ya hilo. Muulize sheikh wako. Dhamiri yako kutotulia ni sababu tosha ya kufunga, na usimwachie mtu akuambie kuwa ni ujinga wa mambo ya pesa.

Yupo ambaye ningemwambia asubiri. Kama una ombi la mkopo wa nyumba au wa gari mezani, malizana nalo kwanza, au muulize afisa wa mkopo kama anapendelea kadi ifungwe kabla. Wengine huitaka hivyo, wengine hawataki kitu kibadilike katikati. Na kama unadaiwa kwenye kadi mbili, anza kulipa yenye riba kubwa, kufunga kutafuata.

Baada ya mwezi mmoja au miwili, chukua ripoti yako ya CRB. Sheria inakupa moja ya bure kila mwaka. Tafuta jina la benki ile, tazama kama akaunti imeandikwa imefungwa na salio ni sufuri. Ikiwa bado yaonekana haijafungwa, una ile barua yenye muhuri: peleka nakala benki na nyingine kwa shirika lililotoa ripoti, uwaambie unapinga taarifa hiyo na unataka irekebishwe.